Kidole Hakikukataa

Kabla sijaanza, niwaombe jambo moja: msiniambie ni Mungu. Nimechoka. Watu wa kikundi cha sala walikuja nyumbani wakakaa kwenye viti vyangu, wakanywa chai yangu, wakaniambia kidole changu kilivunjwa na mkono wa Mungu. Wifi yangu yeye alisema ni uchawi wa Wakasai, watu waliotoka mkoa wa Kasai. Wote walikuwa na uhakika, na hakuna hata mmoja aliyekuwa ameuona mfupa wenyewe. Mimi nimeuona. Naandika kwa ajili ya mtu ambaye leo anaangalia uvimbe kidoleni mwake na kuogopa, na kwa mtu huyo nitasema yote, hata yale yanayonivunjia heshima.

Mimi naitwa Mama Jeanne. Wazazi wangu walitoka kaskazini ya Katanga, mimi nikazaliwa Kolwezi, mji wa migodi. Miaka kumi na sita nilipiga mashine ya chapa katika ofisi ya wafanyakazi ya kampuni ya migodi. Uvimbe ulianza miaka minne hivi kabla ya mambo haya, kwenye kidole cha pete cha mkono wa kushoto, pale chini karibu na kiganja. Kwa kawaida haukuuma. Siku za baridi ya mwezi wa sita uliniuma kidogo, nikajipaka mafuta nikasahau. Kisha pete ya ndoa ikagoma kutoka. Nilijaribu sabuni, nilijaribu uzi, mwishowe fundi mmoja wa karakana akaikata kwa msumeno mdogo huku akinitania kwamba sasa mimi ni msichana tena. Nilicheka. Nilipaswa kwenda kupiga picha ya mfupa siku ileile. Wewe unayesoma, kama pete yako imekwama na hujanenepa mahali pengine, usicheke na fundi. Nenda.

Sasa nieleze kuhusu kadi, maana bila kadi hamtanielewa.

Kila mfanyakazi alikuwa na kadi katika makabati yetu. Jina, namba, kazi, na chini kabisa mstari mmoja: kijiji cha baba. Mstari ule uliwekwa kwa ajili ya maiti. Mtu akifa, kampuni ilitaka kujua ni wapi itume habari na ikiwezekana mwili. Basi niliwajaza watu kadi zao, mmoja mmoja mezani kwangu, na siku moja alikaa mbele yangu daktari wa upasuaji wa hospitali ya kampuni. Jina lake sitalitaja. Lilianza na T, na ukilisikia tu ulijua ukoo wake umetoka Kasai.

"Andika Kolwezi, mama," aliniambia. "Mi nilizaliwa hapa hapa. Kule kwa baba sijafika hata siku moja."

"Hapana, Dokta. Kijiji ya baba yako. Ni kwa maiti."

Akacheka, akanitajia kijiji. Nikaandika. Nilijiona mtu makini sana, mtu asiyekubali kadi iliyojazwa nusu.

Halafu ukaja ule mwaka. Sihitaji kuwaeleza watu wa Kolwezi, na wengine wameusikia. Viongozi walisimama kwenye mikutano wakasema Mkasai arudi kwao, na watu tuliokuwa tukigawana nao chumvi wakaanza kuitwa bilulu, yaani wadudu. Mawe yalitupwa juu ya mabati. Milango ilichorwa. Watu waliobeba magodoro walielekea stesheni kungoja treni isiyojulikana itakuja lini. Na shefu, mkubwa wa ofisi yetu, akaniletea droo za kadi, akasema wakubwa wanataka orodha ya wafanyakazi wote ambao mstari wa mwisho una kijiji cha Kasai.

Nilitia karatasi kwenye mashine. Sitadanganya kwamba nilitetemeka au nililia. Nilikasirika kwa sababu kaboni zilikuwa zimeisha nguvu na nakala ya tatu ilikuwa haisomeki.

Mashine za zamani zina mkono wa chuma upande wa kushoto. Ukifika mwisho wa mstari unausukuma kwa vidole ili karatasi irudi mwanzo. Nilikuwa nimefika kwenye majina ya M. Nikausukuma kama nilivyousukuma maelfu ya mara, nikasikia kitu kikilia ndani ya kidole changu, si kwa nguvu, kama ukivunja muwa mwembamba. Kidole kikalala upande. Baada ya hapo ndipo maumivu yalipokuja, nikapiga kelele ofisi nzima ikasimama.

Shefu aliangalia kidole, kisha akaangalia karatasi. "Pole, mama," akasema. Akamwita binti wa meza ya pili aje kumaliza orodha kwenye mashine yangu, na baada yake barua za kufukuza.

Hospitali ya kampuni siku hizo ilikuwa nyumba ya mzaha. Nusu ya wauguzi walikuwa Wakasai, kwa hiyo nusu ya wauguzi walikuwa stesheni. Getini walisimama vijana wenye fimbo wakiuliza kila anayeingia ametoka wapi. Tulikaa kwenye mabenchi ya ukumbi tangu asubuhi, kila mtu na kadi yake ya namba, na hakuna aliyeita namba. Mama mmoja pembeni yangu alikuwa na mtoto mwenye homa. Mzee mmoja akasema kwa sauti, "Sasa hospitali ni yetu siye wenyewe." Mama yule akamjibu: "Ndiyo, tata. Basi utuchome sindano weye." Kwa siku nzima hilo ndilo jambo pekee lililonifurahisha.

Picha nilipigwa siku ya tatu, na mtu aliyekuwa akijifunza kazi. Daktari aliyeiangalia alikuwa kijana wa kwetu, amepewa chumba ambacho wiki iliyopita kilikuwa cha yule wa T. Jina la zamani lilikuwa bado mlangoni, limekwanguliwa vibaya. Aliweka picha kwenye taa, akaiangalia muda mfupi kuliko unavyoangalia bei ya samaki.

"Mama, iko kansere ya mufupa. Tutakata kidole mbele ya ugonjwa kupanda ku mukono."

"Lini?"

"Jumatatu hii. Labda na kidole ya pembeni pia. Tutaona."

Tutaona! Mkono wa mtu, tutaona. Niliichukua picha yangu mezani bila kuomba ruhusa. Nje, chini ya ukuta, nikakaa nikalia, na nilipomaliza kulia nilikuwa nimejua tayari ni nani Kolwezi nzima aliyewahi kutibu mikono iliyopondwa na mashine. Na nilijua yuko wapi: yule wa T alikuwa stesheni.

Mume wangu, Tata Jeanne, yaani Baba Jeanne, alisimama mlangoni akinyoosha mikono.

"Ukienda kule ku gare, batu batatuona namna gani? Kesho ni siye batafukuza!"

"Watakufukuza wakupeleke wapi? Baba yako ni wa Kabongo, Katanga hii hii."

"Mama Jeanne, acha kichwa nguvu. Kidole ni kidole. Batu banaishi na vidole tisa."

Miaka ishirini ya ndoa, na mume wangu ananihesabia vidole. Nikamwambia kama ni rahisi hivyo achukue panga, tuanze na chake. Siku zile alikuwa anapika yeye, kwa sababu sikuweza kushika mwiko, na bukari yake, ugali wetu, ilikuwa na madonge magumu kama mawe ya mgodi wa Mutoshi. Tuliyala, kila mtu na hasira yake.

Stesheni sikuitambua. Watu walikuwa wamejenga kuta kwa milango waliyoing'oa kwenye nyumba zao na kuezeka kwa mabati yao wenyewe. Cherehani, vitanda, picha za Bikira, kuku. Kinyesi pembeni ya reli. Mvua za mwisho zilikuwa zimenyesha na kila kitu kilinuka moshi na unyevu. Walinitambua. Mama mmoja niliyeimba naye kwaya alinigeuzia mgongo. Mwingine akatema mate, si juu yangu, karibu tu.

Daktari alikuwa amekaa juu ya sanduku la bati, mkewe nyuma yake akichambua maharagwe. Alikuwa amekonda. Aliponiona hakusimama.

"Aa, mama wa ofisi ya personeli. Ulikuya kuhesabu kama tuko bote?"

Nilikuwa nimeandaa maneno ya pole. Yote yakanitoka kichwani. Nikatoa picha kwenye bahasha, nikamnyooshea. Mkono wangu ulikuwa umefungwa kwenye kipande cha mbao.

"Dokta, banasema batakata. Angalia tu."

"Tosha ule muntu hapa, aende," mkewe akasema, bila kuinua macho kutoka kwenye maharagwe.

Daktari aliichukua. Hapakuwa na taa, akaiinua kuelekea jua, na mimi kwa mara ya kwanza nikauona mfupa wangu vizuri: katikati yake palikuwa na tundu la mviringo, na ukuta wa nje umebaki mwembamba kama ganda la yai. Aliiangalia kwa muda mrefu. Watoto walikusanyika wakainua vichwa kuiangalia pamoja naye.

"Nani alisema kansere?"

Nikamtajia. Akatoa sauti puani.

"Hii haina kansere. Ni kivimbe cha ndani ya mufupa, kinakula mufupa polepole, hakitembei mahali pengine. Kunakwangula, kunajaza, kunafunga. Kidole inapona." Akanirudishia picha. "Batakukata bure."

"Basi nipasule weye."

Hapo mkewe aliinua macho. Daktari akaniuliza polepole, kama mtu anayeuliza njia: "Juu ya nini mi nikupasule?"

Nilisimama tu na bahasha yangu. Nilimchukia kwa kuniuliza vile mbele ya watu. Mtu anayehitaji msaada ana haraka ya kumchukia anayeweza kumpa, sijui kama mmeliona hilo.

"Enda kwa basista, kesho kutwa, asubuhi," akasema mwishowe. "Haina kwa ajili yako. Mi siwezi kuacha bakate kidole bure, ni haya ku kazi yangu."

Masista wa parokia karibu na reli walikuwa wamefungua zahanati ya watu wa stesheni katika chumba cha katekisimu. Daktari alinilaza kwenye meza ambayo watoto walijifunzia amri za Mungu. Sista mmoja mzee alimsaidia. Daktari alinichoma sindano kwapani, mkono ukaanza kuwa mzito, kisha ukawa si wangu. Nilipougusa kwa mkono mwingine nilidhani nimegusa mtu mwingine. Akaufunga juu kwa mpira wa kupimia presha, akaubana. Kitambaa kiliwekwa kati ya uso wangu na mkono. Sikuona, lakini masikio hayakufungwa.

Nitawaambia sauti ile ili isiwatishe. Ni sauti ya mtu anayekwangua ukoko wa bukari chini ya sufuria. Haiumi. Unasikia kuvutwa tu, na ile sauti, na unajua sufuria ni wewe.

Alianza kuongea akiwa katikati ya kukwangua.

"Barua yangu ya kufukuzwa, kila 'a' inapanda juu ya zingine. Ni mashini yako."

"Ndiyo."

"Ni weye ulipiga?"

Nilikuwa na jibu hili tangu stesheni. Nilikuwa nimelitunza kama mtu anavyotunza noti ya mwisho kwenye kitambaa. "Jina yako sikupiga, Dokta. Nilifika ku M, kidole ikabunjika. Ni mwingine alimaliza." Na nikaongeza, Mungu anisamehe: "Labda kidole ilikatala."

Sauti ya kukwangua ikasimama. Sista akasema jambo kwa Kifaransa, taratibu.

"Kidole haikukatala, mama," akasema. "Ilibunjika tu. Tundu ilikuwa mule miaka. Usipatie kidole sifa. Ni weye ulikubali."

Nikageuza uso ukutani.

"Kama haikubunjika, ungefika ku T?"

Mtu akiwa amelala hivyo, mkono wake umefunguliwa, anaweza kudanganya. Nilifikiria kudanganya. "Ningefika," nikasema. "Na ningemaliza mbele ya saa sita."

"Aksanti. Sasa lala kimya."

Akaendelea. Alichukua vipande vidogo vya mfupa juu ya kifundo cha mkono wangu uleule, akalijaza tundu, akashona. Nilikuwa nalia, na sista alinifuta machozi akidhani sindano imeisha nguvu. Nilikuwa nalia kwa hasira. Nilitaka kumpiga, na mkono mmoja alikuwa nao yeye.

Alichokikwangua alinionyesha ndani ya kichupa chenye dawa: vipande vyeupe vinavyong'aa, kama gegedu la mwisho wa mfupa wa kuku, lile ambalo watoto hupenda kutafuna. Alimwambia sista akipeleke Lubumbashi kikaangaliwe, ili niwe na karatasi. "Mi najua ni nini," akasema, "lakini muntu akuwe na karatasi."

Usiku na mchana wa kwanza vilikuwa vibaya, zaidi pale juu ya kifundo kuliko kidole chenyewe. Hilo hakuna aliyenitahadharisha, basi mimi nawatahadharisha. Mkono uwekwe juu, kwenye mto, daima. Kidole changu kilifungwa pamoja na cha kati ili kile kizima kikiongoze. Tata Jeanne aliniosha nywele mara moja, vibaya, sabuni ikaniingia machoni, na siwezi kusahau kwamba aliniosha.

Nyuzi zilipaswa kutoka siku ya kumi na mbili. Siku ya kumi na moja tulisikia filimbi: treni imefika. Nilitoka bila viatu vya kufunga, mkono juu kama mwanafunzi anayeomba kujibu. Stesheni ilikuwa vita. Watu walipitishwa madirishani, mabehewa ya mizigo yamejaa hadi milango haifungi, wengine juu ya paa. Nje ya uzio vijana wetu walikuwa wanaimba. Nilijua wimbo ule, nilikuwa nimeuimba mimi mwenyewe kwenye mkutano.

Nilimkuta karibu na behewa la tatu, sanduku lake chini. Sikuwa na haki ya kumsumbua, nikamsumbua. Alinitazama, akavuta pumzi, akakaa juu ya sanduku akachukua mkono wangu juu ya goti lake. Alikata nyuzi kwa mkasi mdogo, moja, moja, katikati ya makelele yale, bila haraka. Akaniambia mambo ya baadaye kwa sauti ya kufundisha: wiki tatu kidole kikae na mwenzake, kisha nikunje juu ya gunzi la mahindi, gunzi likizoeleka, juu ya ndizi, kisha mpini wa kijiko, kisha kiganja. Zilikuwa zimebaki nyuzi mbili treni ilipoanza kusogea. Akasukuma sanduku behewani, akapanda; mkewe tayari alikuwa ndani. Mwanamke huyo alipasua upande wa kitambaa chake, kitenge kizuri cha buluu, akanirushia kipande kutoka mlangoni nifunge jeraha. Hakuniangalia usoni.

Sikusema aksanti. Nilikuwa naitafuta, treni ikaondoka. Nyuzi mbili zilizobaki nilizitoa mwenyewe nyumbani kwa wembe uliochemshwa.

Gunzi lilichukua mwezi. Ndizi, wiki tatu. Mpini wa kijiko ulinitoa machozi kila asubuhi ya baridi. Kiangazi kilipokolea vumbi likajaa kila kitu, na nusu ya maduka yalikuwa yamefungwa kwa sababu wenye maduka walikuwa stesheni au kaburini. Kidole kiligusa kiganja siku ambayo hakuna aliyekuwepo kunipigia makofi.

Nikarudi kazini. Shefu alifurahi. Siku hiyohiyo akaniletea droo zilezile. Sasa walitaka orodha ya wale ambao mama yao ni wa Kasai; mtu alikuwa ameongeza kijiji cha mama kwa penseli kwenye kadi. Wazo la nani, sijui. Aliweka karatasi pembeni ya mashine, akasimama.

"Shefu," nikasema, "kidole bado. Dokta alikatalia."

"Haya mama, pole. Nitamupatia ule binti."

Akaanza kukusanya droo. Ilikuwa rahisi hivyo. Ningekwenda nyumbani na mkono safi na mshahara wangu, na kidole kingebeba mzigo wote mara ya pili. Nilimwona akifika mlangoni.

"Shefu. Nilidanganya. Kidole ilipona." Nikakikunja mbele yake hadi kwenye kiganja, nikakikunjua. "Ni mi ninakatala."

Aliniuliza mara mbili kama nimesikia ninachosema. Niliambiwa nisirudi kesho. Na orodha? Yule binti aliipiga, ana kasi kuliko mimi. Msidhani niliokoa mtu. Tata Jeanne hakusema nami siku tisa, na leo tunaishi kwa mikate ninayokanda na kuuza mbele ya nyumba, kwa vidole kumi.

Kabla ya kutoka ofisini nilifungua droo ya T nikachukua kadi moja.

Karatasi ya Lubumbashi ilifika kwa masista mwisho wa baridi: uvimbe si wa hatari, hautarudi ukitolewa wote. Daktari alikuwa sahihi, na hajui. Wanasema wengi walikufa njiani kwenye mabehewa yale. Sijui yeye yuko wapi, na anwani niliyo nayo ni ile moja tu, ule mstari wa chini, kijiji ambacho hajawahi kufika na ambacho nilimlazimisha kunitajia. Nimemwandikia kwenye anwani hiyo mara tatu. Sikutumia mashine. Nimeandika kwa mkono kwamba tundu limejaa, kwamba kidole kinakunja, na kwamba safari hii nilikataa mimi.